Moto ya zamani na kontrole tekniki: karatasi inasema nini, na inanyamaza juu ya nini?

Mashariki mwa Kongo, moto ndiyo inabeba watu: mwanafunzi, mama na mtoto mgongoni, mgonjwa anayekimbizwa hospitali, gunia la makala lililofungwa nyuma. Nyingi kati ya moto hizo ziko na miaka mingi, zimepita kwa mikono ya mabosi wawili watatu. Polisi wa barabarani akisimamisha, swali ni lile lile: karatasi ziko wapi? Motari anatoa cheti cha kontrole tekniki, anaachiliwa, anaendelea na safari. Lakini je, cheti hicho kinatuhakikishia kitu gani? Kwenye ukurasa huu tunaeleza kazi ya kontrole, mahali inapokosa macho, na namna mwenye moto ya zamani anaweza kujipima mwenyewe bila kungoja mwaka uishe.

Karatasi nne, kazi nne

Watu wengi wanachanganya karatasi za moto, wanafikiri kila moja inasema moto ni nzima. Si hivyo.

Karte rozi inasema moto ni ya nani, na namba ya shasi yake ni ipi. Plaki inafanya moto itambulike barabarani. Asiransi inahusu hasara ambayo moto inaweza kumfanyia mtu mwingine. Ni ya lazima nchini kwetu tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, na tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015 si SONAS peke yake inayoruhusiwa kuiuza. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoangalia kama freni zinakamata.

Cheti cha kontrole tekniki ndicho peke yake kinachozungumza juu ya hali ya moto yenyewe: freni, mipira, taa, honi, vioo, usukani. Wazo hilo linakwenda pamoja na sheria ya barabara ya nchi yetu, ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na pia Mkataba wa Vienna wa tarehe 8 Novemba 1968 juu ya usafiri wa barabarani. Mkataba huo unadai kwamba kila moto iwe na freni mbili: moja ya gurudumu la mbele, nyingine ya gurudumu la nyuma. Kwa hiyo moto yenye freni ya nyuma tu haitimizi sharti hilo, hata ikiwa motari ameizoea miaka kumi.

Cheti kinahesabu miezi, moto inahesabu kilomita

Hapa ndipo shida kubwa iko. Tuseme motari anafanya kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa juma. Kwa juma moja ni kilomita 600. Kwa siku 300 za kazi ni kilomita 30,000. Kama cheti chake ni cha mwaka mzima, basi moto yake inaangaliwa mara moja kila kilomita 30,000. Mtu mwingine anatumia moto yake kwenda kanisani na kazini, kilomita 10 kwa siku: kwa siku zile zile 300 amefika kilomita 3,000 tu. Wote wawili wana karatasi moja, tarehe moja, muhuri mmoja.

Garnitiri za freni, sheni na mipira hazijui kusoma tarehe. Zinaisha kwa kilomita, kwa matope, kwa uzito na kwa mlima. Garnitiri iliyokuwa nzuri siku ya kontrole inaweza kuwa imeisha kabla ya robo ya mwaka, na cheti bado kinaonyesha miezi tisa ya uzima. Kontrole ni sawa na picha: inaonyesha vile moto ilikuwa asubuhi ile. Haisemi vile itakuwa kesho.

Hata nje ya Afrika wanajua hivyo. Nchini Uingereza, moto ikifika miaka mitatu lazima ipimwe kila mwaka, lakini serikali yao inaeleza wazi kwamba kipimo hicho hakiangalii hali ya motere, embreyaji wala gia. Ufaransa, ambayo kontrole ya magari iko huko miaka mingi, ilianza kupima moto tarehe 15 Aprili 2024 tu, na wenye moto walikuwa wamepinga kwa muda mrefu. Kwa hiyo swali la kuamini au kutoamini karatasi si letu peke yetu.

Sababu nne zinazoficha ubovu

Hata kontrole ikifanywa na mtu mwaminifu anayejua kazi, kuna mambo yatamponyoka.

Ya kwanza: moto inapimwa bila mzigo. Siku ya kontrole iko na mtu mmoja, au haina mtu. Siku ya kazi iko na motari, abiria wawili na kifuko cha unga. Freni inayosimamisha moto tupu inaweza kushindwa na moto iliyobeba.

Ya pili: moto inakuja imeoshwa. Mafuta yanayovuja kwenye motere au kwenye amortisa za mbele yanaonekana vizuri yakishikwa na vumbi. Ukiosha moto asubuhi, unafuta pia alama ya ugonjwa.

Ya tatu: vitu vya kuazima. Kioo cha nyuma, taa ya stopu, hata mpira mzima, vinaweza kufungwa asubuhi na kurudishwa kwa mwenyewe jioni. Hapo karatasi inakuwa imepima moto mbili, na hakuna hata moja iliyo barabarani.

Ya nne: sehemu kubwa ya kontrole ya moto inafanywa kwa macho na kwa mikono. Kina cha mpira kinaweza kupimwa kwa milimita, na hapo watu wawili watapata jibu moja. Lakini gurudumu linalochezacheza kidogo, au usukani unaokwama kidogo, unategemea mkono wa anayepima. Mmoja atasema “iko muzima”, mwingine atasema “badilisha ruluma”. Moto mpya haileti ubishi huo mara nyingi. Moto ya zamani ndiyo inakaa katikati, kati ya nzima na mbovu, na ndiyo inahitaji mpimaji mwenye muda.

Na kama karatasi imetolewa bila moto kufika mbele ya mpimaji, hiyo si kontrole hata kidogo. Aliyeilipia amenunua njia ya kupita kwenye kizuizi. Usalama hajapata.

Zamani si lazima mbovu

Tusiseme kila moto ya miaka mingi ni jeneza. Wengi wanakumbuka Yamaha AG 100 za misioni na za miradi ya kilimo: sheni yake imefunikwa kote, vumbi na matope haviifikii kwa urahisi, na ndiyo sababu ilidumu mashambani. Boxer ya Bajaj na TVS zilizojaa leo mjini ni za muundo rahisi, piesi zake zinapatikana, na fundi wengi wanazijua. Moto ya miaka kumi iliyohudumiwa kwa wakati inaweza kuwa salama kuliko moto ya miaka miwili iliyokimbizwa bila kubadilishiwa mafuta ya motere.

Shida ya moto ya zamani ni kwamba vitu vingi vinachoka pamoja. Sheni imelegea kidogo, ruluma zimelegea kidogo, freni imelegea kidogo. Kila kimoja peke yake kingepita kontrole. Vyote pamoja, kwenye mteremko na mvua, ni ajali.

Freni: mahali pa kukaa muda mrefu

Moto zetu nyingi ziko na freni za ngoma: garnitiri mbili ndani ya gurudumu zinapanuka na kusugua ukuta wa ngoma. Ni freni nzuri, lakini zina adui watatu: maji, joto na ujanja wa fundi.

Maji: ukivuka mto au dimbwi, maji yakiingia ndani ya ngoma freni haikamati vizuri. Baada ya kuvuka, endesha polepole huku ukigusa freni kidogo kidogo mpaka ikauke.

Joto: kutoka Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, ukishuka kwa njia ya Ngomo kuelekea Kamanyola na bonde la Ruzizi, ni mteremko mrefu wenye kona nyingi. Motari akishikilia freni ya nyuma muda wote, ngoma inapata moto sana na freni inaanza kupotea: unakanyaga, haikamati. Shuka kwa gia ndogo, uache motere isaidie kuzuia, tumia freni zote mbili kwa vipindi. Usizime motere ili kubana esanse.

Ujanja: freni ya ngoma ina mkono mdogo wa chuma nje ya gurudumu, unaovutwa na kable au fimbo. Garnitiri zikiisha, ekru ya kurekebisha inafika mwisho wa uzi wake. Hiyo ni alama ya kubadilisha garnitiri. Lakini kuna fundi wanaoutoa ule mkono na kuurudisha kwa kuugeuza, ili freni ionekane bado inavuta. Siku ya kontrole moto inapita. Ndani, kile chuma kinachopanua garnitiri kimegeuka kupita kiasi: kinaweza kukwama na kufunga gurudumu ghafla, au kukosa nguvu kabisa. Ukiona mkono umegeuzwa, dai ngoma ifunguliwe mbele yako.

Moto yenye freni ya diski, angalia unene wa plaketi na kiwango cha mafuta ya freni. Ukifinya mkono na ukahisi kama unafinya sponji, hewa imeingia.

Wamotari wengi wanaogopa freni ya mbele kwa sababu wamesikia inapindua. Kwenye lami kavu, gurudumu la mbele ndilo linafanya kazi kubwa ya kusimamisha, kwa sababu uzito unakwenda mbele. Kwenye matope na changarawe ifinye kwa upole. Kuikata kabisa ni kosa. Na mkumbuke: mwendo ukitoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, urefu ambao freni inahitaji kusimamisha moto hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne.

Kujipima ni rahisi. Mahali tambarare pasipo watu, kwa mwendo wa kilomita 20, jaribu freni ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Halafu rudia na mtu mmoja nyuma. Ukiona tofauti kubwa, usibebe abiria siku hiyo.

Mipira, magurudumu na usukani

Goma ni mfano mzuri. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia mpaka katikati ya mji, na njia nyingi mpaka leo ziko juu ya jiwe lile. Jiwe la volkano linakata mpira kama kisu. Kwa hiyo kuangalia vikunyo vya katikati tu hakutoshi. Zungusha gurudumu na angalia pembeni, kwenye ukuta wa mpira. Mkato unaoonyesha nyuzi za ndani, au uvimbe kama jipu, ni mwisho wa mpira huo.

Angalia pia umri. Mipira mingi iko na namba nne ndani ya alama ndogo ya yai: 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016. Mpira unaweza kuwa na vikunyo virefu, na bado umekauka na kupasuka kwa miaka ya kukaa dukani.

Spoku, zile tunaita reyo, zigonge moja moja kwa bisibisi. Zilizokaza zinalia karibu sauti moja. Inayotoa sauti ya chini imelegea au imekatika.

Kwa usukani, inua gurudumu la mbele na ugeuze gido polepole kushoto na kulia. Ukihisi kama inataka kukwama pale katikati, ruluma za shingo zimechimbika. Halafu shika miguu ya mbele chini, vuta mbele na nyuma: ikigonga, imelegea. Nenda nyuma, shika gurudumu na ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, ni ruluma za gurudumu au zile bushi zinazoshika mkono wa nyuma wa shasi.

Sheni

Sheni ya moto ndogo kwa kawaida inatakiwa kucheza kama sentimita 2 hadi 3 katikati ya upande wa chini. Kitabu cha moto kinatoa kipimo kamili. Pima mahali patatu au panne huku ukizungusha gurudumu, kwa sababu sheni ya zamani inarefuka bila usawa: hapa imekaza, pale inaninginia. Kisha ivute nyuma pale inapozunguka korona. Ikiachana na meno mpaka unaona nusu ya jino, imeisha. Meno yaliyopinda kama ndoano, vilevile. Badilisha sheni, pinyo na korona pamoja. Sheni mpya juu ya meno ya zamani inakufa haraka. Sheni ikikatika kwenye mwendo inaweza kuingia katikati ya gurudumu na kulifunga.

Shasi: ubovu unaofichwa na rangi

Huku kwetu moto inaongezewa chuma: kibebeo kikubwa nyuma, kiti kirefu, fimbo za kulinda motere. Vyote vinasudewa. Mahali palipochomwa, na hasa pembeni mwake, chuma kinaweza kuwa dhaifu. Ufa unaanza mdogo kama unywele, na rangi mpya inaufunika. Angalia kwenye shingo ya shasi, chini ya kiti, mahali amortisa za nyuma zinashikwa, na kila mahali motere inafungwa. Mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi ni mlio wa hatari. Ufa kwenye shingo ya shasi si kazi ya kupitisha sudire ya haraka kando ya barabara. Moto hiyo isimame.

Kununua moto ya okazio

Muuzaji akikuonyesha cheti cha kontrole, pokea kama habari moja kati ya nyingi. Fanya haya pia:

– Linganisha namba ya shasi na karte rozi, tarakimu moja moja. Kwa kawaida imechongwa karibu na shingo ya shasi. Namba iliyokwaruzwa au kupigwa upya, acha moto hiyo.
– Omba kuona moto kabla haijaoshwa na kabla motere haijapata moto. Moto inayowaka vizuri ikiwa baridi inasema ukweli zaidi.
– Usiamini kontere ya kilomita peke yake. Tazama vikanyagio, mipini ya gido na kiti: vimechakaa sana lakini kontere inaonyesha kilomita chache? Kuna uongo mahali.
– Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Bosi, motari na abiria

Moto nyingi za kazi si za anayeziendesha. Motari lazima ampe bosi pesa kila siku au kila juma, na siku moto iko garaji hakuna pesa. Hapo ndipo usalama unauzwa: motari anasikia freni inalia, ananyamaza kwa sababu bosi atasema anatafuta kisingizio; bosi haoni moto yake mwezi mzima, anaona pesa tu.

Mapatano mazuri yanaandikwa mapema: nani analipa garnitiri, nani analipa mipira, na siku ya garaji motari hadaiwi. Kijitabu kidogo kinatosha: tarehe, kilomita, kitu kilichobadilishwa, jina la fundi. Kijitabu hicho, kikiandikwa kwa ukweli, kinasema mengi kuliko cheti, kwa sababu kinafuata kilomita.

Abiria naye ana macho. Kabla ya kupanda, tazama mpira wa nyuma na umwombe motari afinye freni zote mbili. Ukiona mkono wa freni unafika mpaka kwenye mpini, ngoja moto nyingine. Si dharau.

Maswali yanayokuja mara kwa mara

Moto yangu imepita kontrole jana, leo freni imekatika. Je, kontrole ilikuwa ya uongo? Si lazima. Kable inaweza kukatika ghafla. Lakini kama garnitiri zimeisha kabisa siku moja baadaye, hazikuisha kwa usiku mmoja. Rudi uulize ziliangaliwaje.

Moto yangu ya zamani inafifisha fari ikisimama. Ni ubovu? Kwa moto nyingi za zamani, fari inapata umeme moja kwa moja kutoka motere. Motere ikizunguka polepole, mwanga unapungua. Ikibaki hafifu hata ukikimbia, tafuta balbu, nyaya au kioo kilichochafuka. Taa ya stopu lazima iwake kwa freni ya mkono na kwa pedali pia.

Kama nina kijitabu na ninaangalia moto kila juma, bado nahitaji cheti? Ndiyo. Sheria ni sheria, na jicho la mtu wa pili linaona kile ambacho wewe umezoea. Lakini usingoje cheti ndipo uangalie.

Dakika tano kabla ya kutoka

Kila asubuhi: freni ya mbele, freni ya nyuma. Upepo wa mipira na ukuta wake. Sheni. Taa ya stopu na honi. Harufu au tone la esanse chini ya moto. Ekru za magurudumu. Kimoja kikikosa, rekebisha kwanza, abiria wa kwanza atangoja.